Mgonjwa wa dayalisisi, PTH 912, kaandikiwa alendroneti: ni sahihi?

muuguzi_kitengo

Wakuu, naomba mawazo ya wanaofanya kazi na wagonjwa wa figo.

Mgonjwa ni mama wa miaka 68, ana kisukari, yuko kwenye kusafisha damu kwa mashine (dayalisisi) mwaka wa nne sasa, mara mbili kwa wiki, saa 4 kila kipindi. Mkojo bado anapata kidogo, kama mililita 200 kwa siku. Analalamika maumivu ya nyonga na mgongo, misuli ya mapaja imelegea, na akitaka kuinuka kitini lazima ajisukume kwa mikono. Vipimo vya karibuni: kalsiamu 2.07 mmol/L, albumini 31 g/L, fosfeti 2.3 mmol/L, ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini) 290 U/L (mwisho wa kawaida wa maabara ni 120), PTH (homoni ya tezi za parathiroidi) 912 pg/ml (mwisho wa kawaida ni 65), baikaboneti 18. Vitamini D haijapimwa.

Kliniki ya mifupa imemwandikia alendroneti (dawa ya kupunguza kubomolewa kwa mfupa) miligramu 70 kwa wiki na vidonge vya kalsiamu kaboneti asubuhi na jioni. Ndugu zake wanampikia supu ya kongoro, dagaa na maziwa kila siku "mifupa ipate nguvu". Maswali yangu: alendroneti aianze? Kalsiamu je? Na chakula hicho kinamsaidia au kinamharibia?

daktari_figo

Mkuu, umeweka vipimo vyote mezani, asante.

Alendroneti asubiri kwanza. Huu si udhaifu wa mifupa wa uzee peke yake, ingawa umri wake nao umo ndani. Figo likichoka, fosfeti hubaki mwilini, na kiwanda cha kuigeuza vitamini D iwe na nguvu, ambacho kiko ndani ya figo lenyewe, kinafungwa. Kalsiamu huanza kushuka, tezi nne ndogo za parathiroidi shingoni zinamwaga PTH, na PTH huchota kalsiamu kwenye mfupa. Miaka ikipita tezi huvimba na kuacha kutii. Tindikali ya damu nayo hula mfupa, na baikaboneti inayoizima, 18, iko chini. Lengo ni 22 au zaidi.

Kabla ya kuandika dawa yoyote ya mfupa, uliza kama mfupa wa mgonjwa huyu unajengwa na kubomolewa haraka kupita kiasi, au umelala kabisa. Kwa nje hali hizo mbili hufanana: maumivu na kuvunjika. Tiba zake hupingana. PTH ya juu pamoja na ALP ya juu huelekeza kwenye mfupa unaobomolewa haraka, na huyu mama anaangukia huko (pima GGT, kimeng'enya cha ini, kuhakikisha hiyo ALP haitoki kwenye ini). Lakini mgonjwa mwenye PTH 90, kisukari na umri mkubwa, ambaye amekunywa kalsiamu na vitamini D kwa miaka, mara nyingi mfupa wake umelala. Ukimpa alendroneti unaulaza zaidi.

Dawa hiyo haivunjwi na ini. Sehemu hushika kwenye mfupa na kukaa miaka, sehemu hutolewa na figo, ndiyo maana haishauriwi uchujaji ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika. Hata namna ya kuinywa ni tatizo kwa mtu aliyepimiwa maji: inataka glasi nzima na kukaa wima nusu saa.

Kalsiamu yake, kwa njia, haiko chini kama inavyoonekana. Albumini ikiwa pungufu, ongeza 0.02 kwa kila gramu iliyo chini ya 40. Kwake ni gramu 9, yaani 0.18, kwa hiyo 2.07 inakuwa 2.25. Hahitaji kalsiamu ya kujaza pengo. Ukiweza kupima kalsiamu huru, bora zaidi.

Ningefuata mpangilio huu: shusha fosfeti kwanza, pandisha baikaboneti, kisha pima vitamini D (ile 25-haidroksi) na uijaze kama ni pungufu. Alfakalsidoli (vitamini D isiyohitaji figo kuigeuza) mikrogramu 0.25 ifuate fosfeti ikishashuka. Ukiianza leo fosfeti ikiwa 2.3, utumbo utafyonza kalsiamu na fosfeti vyote viwili kwa wingi, na mishipa ya damu ndiyo itakayogeuka chokaa. Lengo la PTH kwa walio kwenye dayalisisi, kwa mwongozo wa 2017 wa KDIGO (kundi la kimataifa la miongozo ya figo), ni kati ya mara 2 na mara 9 ya mwisho wa kawaida. Kwa maabara yenu ni takribani 130 hadi 585. Usiishushe mpaka 65 ukadhani umeponya; hapo ndipo mfupa unapolala.

PTH ikikataa kushuka kuna sinakaseti, dawa ya kutuliza tezi hizo, miligramu 30 kwa siku pamoja na chakula, ila kalsiamu isiwe chini maana dawa hiyo huishusha. Mwisho kabisa ni upasuaji wa tezi.

mfamasia_mkoa

Naongezea kuhusu kalsiamu kaboneti, kwa sababu hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotea. Kidonge kilekile ni dawa mbili tofauti kutegemea saa ya kukinywa. Katikati ya chakula hukamata fosfeti tumboni na kutoka nayo chooni. Tumbo likiwa tupu, kalsiamu inaingia kwenye damu na fosfeti ya mlo inapita bila kuguswa. "Asubuhi na jioni" kwenye karatasi ya dawa haimwambii mgonjwa lolote. Andika "tafuna katikati ya chakula", na mlo mkubwa ndio upewe dozi kubwa. Asipokula, asinywe.

Kidonge cha miligramu 1250 kina kalsiamu halisi miligramu 500. Jumla ya kalsiamu halisi ya vidonge isipite 1500 kwa siku, na kwa mzee mwenye mishipa iliyokwisha kukakamaa ni vyema iwe chini ya hapo. Sevelama miligramu 800 nayo hukamata fosfeti na haina kalsiamu, tatizo ni bei. Vidonge vya damu, dawa ya tezi ya thairoidi na siprofloksasini visinywewe pamoja na kalsiamu. Acha nafasi ya saa kadhaa.

Muulizeni pia anatumia nini kwa kiungulia. Zile dawa za kutafuna au za maji zenye aluminiamu na magnesiamu zinauzwa kila duka la dawa. Figo haliwezi kuzitoa. Aluminiamu inaingia kwenye mfupa na kuufanya laini, na kichwani huleta kuchanganyikiwa.

Na maumivu: hakikisha hanunui diklofenaki. Zile mililita 200 za mkojo ni mali, zinatoa fosfeti na maji kila siku bila mashine. Diklofenaki inaweza kuzimaliza, na tumbo likatoka damu. Parasetamoli kwanza.

lishe_na_figo

Kuhusu chakula, tupige hesabu. Akila fosforasi (ndiyo inayokuwa fosfeti kwenye damu) miligramu 1000 kwa siku, utumbo ukafyonza kama asilimia 60, ni 4200 kwa wiki. Kipindi kimoja cha saa 4 hutoa kama 800. Vipindi viwili ni 1600, vitatu ni 2400. Mkojo unatoa kidogo. Kinachobaki hakina pa kwenda, ndiyo maana anayesafishwa mara mbili anahitaji dawa ya kukamata fosfeti na sahani iliyopangwa vizuri. Kama bima au mfuko unaruhusu kipindi cha tatu, kitafutwe.

Supu ya kongoro haitoi kalsiamu kama watu wanavyoamini. Kinachotoka kwenye mfupa kuingia kwenye mchuzi ni kidogo sana. Anachopata ni chumvi na maji ya kubeba mpaka kipindi kijacho. Dagaa huliwa na mifupa yake, fosforasi yote inaingia. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama miligramu 230.

Lakini tafadhali msimnyime protini. Albumini 31 inatia wasiwasi, na misuli ikiisha ataanguka. Anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Chagua yenye fosforasi ndogo: ute mweupe wa yai moja una protini gramu 3.5 na fosforasi kama miligramu 5 tu, yote kubwa iko kwenye kiini. Kuku bila ngozi na samaki wa mnofu, vipande vidogo, vichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mengi, mwaga tena, ndipo uunge. Fosforasi ya maharage na ya dona imefungwa, chini ya nusu ndiyo hufyonzwa, kwa hiyo haitishi kama inavyoandikwa kwenye majedwali.

Inayotisha ni ile ya kiwandani, inayofyonzwa karibu yote: soda nyeusi, soseji, jibini laini la pakiti, nyama za kopo. Soma kibandiko, tafuta neno "phosph" au namba E338 hadi E341 na E450 hadi E452.

muuguzi_kitengo

Nimewaelewa, asanteni sana. Mbili zimebaki. Kuna aliyependekeza sindano ya denosumabu, nayo ya kuzuia mfupa kubomolewa, kwa kuwa haitegemei figo. Na PTH iliyopita, miezi 3 nyuma, ilikuwa 48 kutoka maabara nyingine. Imewezaje kuruka hivyo?

daktari_figo

Angalia kipimio kwanza. Inaelekea hiyo 48 ni pmol/L. Zidisha kwa 9.43 upate 453 pg/ml. Imepanda maradufu, haijaruka mara ishirini. Hata hivyo mashine za maabara hazifanani, kwa hiyo tumieni maabara moja, damu itolewe kabla ya kuanza kusafisha, kwenye chupa ya EDTA, ifike maabara mapema. Kalsiamu na fosfeti kila mwezi kwa sasa, PTH kila miezi 3.

Denosumabu: kweli haitolewi na figo, lakini kwa mfupa unaobomolewa haraka kama huu, ukizuia ubomoaji ghafla, kalsiamu ya damu inaporomoka. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiwekea onyo lake zito zaidi kwa wagonjwa wa figo wa hatua za mwisho, hasa walio kwenye dayalisisi. Kalsiamu hushuka zaidi kati ya wiki ya 2 na ya 10: ganzi mdomoni na vidoleni, misuli kukaza, degedege, moyo kupiga vibaya. Nayo ukiianza huwezi kuiacha bila mpango, kwa sababu ikikatizwa pingili za mgongo huweza kuvunjika. Kituo kisichoweza kupima kalsiamu kila wiki kisiiguse.

fiziotherapia_pwani

Wakati mnasubiri fosfeti ishuke, mzuieni asianguke, maana nyonga huvunjika siku ya kuanguka. Saa mbaya ni baada ya kipindi. Akae kitandani dakika 5 miguu ikining'inia, pimeni presha akiwa amekaa, kisha amesimama, ndipo atembee, na mtu awe upande wake. Dawa za presha za siku hiyo zijadiliwe na daktari. Nyumbani: taa ya njia ya chooni, kandambili zilizolegea ziondolewe, mkeka usiokunjika.

Mazoezi: kuinuka na kukaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, mara 5 kwanza, baadaye 10, siku zisizo za mashine. Kwenye kipindi, kunyoosha goti mojamoja ndani ya saa 2 za kwanza, kabla presha haijaanza kushuka. Mkono wa fistula (wenye mshipa wa kuunganishia mashine) utulie.

Akianguka na mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, msimsimamishe kujaribu. Picha ya eksirei siku hiyohiyo. Picha ikiwa safi lakini hawezi kukanyaga, irudiwe au afanyiwe CT. Na mwambieni daktari wa zamu saa aliyopata heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) ya mwisho.