Mjadala: Je, mkate wa kukaanga ni chakula cha jadi cha Wanavajo?

Mchangiaji aliyetangulia anashikilia kwamba chakula kilicholetwa na mkoloni hakiwezi kuwa cha jadi, na kwa hiyo Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, wauache mkate wao wa kukaanga, ambao kwa sura ni ndugu wa andazi letu. Naomba kutofautiana naye, ingawa si kwa yote.

Historia anayoitegemea ni ya kweli. Kuanzia mwaka 1864 jeshi la Marekani, lililochoma mashamba yao na kukata mipichi yao, liliwaswaga kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico, ambako mavuno yalishindikana na watu wakaishi kwa mgawo wa unga wa ngano, hadi mkataba wa 1868 ulipowaruhusu kurudi kwao. Husimuliwa kwamba mkate huo ulizaliwa hapo.

Lakini kama ugeni ndio kipimo, basi na tuukane ugali, maana mahindi yalitoka kwa wenyeji wa Amerika. Kondoo nao Wanavajo waliwapata kwa Wahispania, na sijui nani atathubutu kumwambia bibi wa Kinavajo kwamba nyama hiyo si yake. Kipimo changu ni kingine: nani alichagua, na nani anashika chanzo cha chakula. Kondoo waliwafuga kwa hiari yao, mpaka serikali ilipowapunguzia mifugo kwa nguvu miaka ya 1930. Unga walipewa wakiwa mateka.

Ndiyo maana naunga mkono kodi ya asilimia 2 ambayo baraza lao wenyewe liliipitisha mwaka 2014 kwa vyakula visivyo na lishe, ingawa wanaosema inamwumiza maskini anayeishi mbali na duka la mboga wana hoja nzito kuliko inavyochukuliwa.

Uji wao wa jadi wa mahindi ya bluu, unaotiwa majivu ya mti wa mreteni yenye kalsiamu, haurudi mezani kwa kuukemea mkate. Mahindi yanataka maji, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mkataba ule wa 1868 hauilazimishi serikali kuchukua hatua za kuwapatia maji. Mchangiaji mwenzangu atueleze basi: wakishauacha mkate, wapande nini, na wamwagilie kwa maji gani?