Sikukuu tufungue au tufunge? Na zamu apangiwe nani?

Mpanga Zamu

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana hili jambo huwa linazua maneno kila mwaka na safari hii limeniangukia mimi. Mi ndo napanga ratiba ya zamu kazini kwetu, tunauza vifaa vya nyumbani, kuna duka lenyewe, kuna stoo, halafu kuna watu wa kupokea simu za wateja. Bosi kasema sikukuu zote tufungue, hakuna kufunga hata moja, hoja yake ni kwamba mteja akikuta kufuli anaenda kwa jirani na ndo basi tena. Wafanyakazi nao wamenuna, wengine wameshaniambia kabisa kwamba siku hiyo wataumwa homa, yaani homa wameipangia tarehe.

Sasa swali langu, hivi biashara ya kawaida, sio hospitali wala zimamoto, ina sababu gani ya kuwa wazi sikukuu? Na kama lazima tufungue, tubaki watu wangapi, malipo yaweje, na nani aanze? Nisijibiwe na mabosi peke yao jamani, na nyie mnaosimama kaunta semeni.

Kaunta ya Mwisho

Umetuita tumekuja. Mi kufanya kazi sikukuu hakujawahi kuniua, kinachoniua ni kufanya kazi sikukuu huku kampuni yenyewe iko likizo. Sijui kama mnanielewa. Mlango uko wazi, taa zinawaka, tangazo limebandikwa KARIBUNI TUPO WAZI, ila ndani tupo wawili na mlinzi.

Sikukuu moja kaja mteja na feni aliyoinunua siku chache nyuma, haizunguki, risiti anayo, boksi analo, hana neno baya hata moja. Naingiza kwenye sistimu nimrudishie hela yake inaniambia weka namba ya siri ya msimamizi. Msimamizi yuko kwao, simu inaita mpaka inakata. Nikasema basi nimbadilishie apewe nyingine, stoo imefungwa na aliyeondoka na funguo ndo huyo huyo asiyepokea simu. Foleni nyuma inarefuka, watu wameshaanza kuguna, mzee mmoja katikati ya foleni akaniuliza kwa upole kabisa, "binti, leo mmefungua au mmesahau tu kufunga?" Sikuwa na jibu.

Yule wa feni angekuta tumefunga angerudi kesho yake, angehudumiwa dakika tano akaenda zake. Badala yake aliondoka kagombana na mimi kwa kitu ambacho sina mamlaka nacho. Kwa hiyo mkuu mwambie bosi wako kufungua sio kufungua mlango. Kama siku hiyo hakuna mtu wa kurudisha hela, hakuna wa stoo, hakuna fundi na hakuna wa kupokea simu, hapo hamjafungua, mnamchosha mteja tu.

Mwenye Duka

Dada hapo juu kaongea kweli ila msitufanye mabosi wote hatuna roho. Kodi ya pango haijui sikukuu, mkopo haujui sikukuu, na kuna biashara ambazo hizo siku ndo msimu wenyewe, muulize wa hoteli, wa mabasi, wa maua. Ukimwambia mtu wa maua afunge sikukuu si bora umwambie aache kazi.

Mimi nafungua nusu siku, asubuhi tu, sikukuu mbili kubwa nafunga kabisa na sijawahi kupoteza mteja ninayemjua. Mteja hakasirikii kufuli, anakasirikia kufuli ambalo hakuambiwa. Tangaza mapema, na sio karatasi ya mlangoni pekee maana siku hizi watu wanaangalia saa za kazi kwenye ramani ya simu kabla hawajatoka nyumbani, usipobadilisha kule mtu anapanda gari anakuja anaambulia mlango.

Daftari Refu

Mi ni mhasibu, hii mada nimeipenda maana kila mwaka nabishana na watu juu yake.

Bosi anapoona mauzo ya sikukuu anadhani ile yote ni hela mpya. Wapi! Nyingi ni hela ya jana au ya kesho iliyohama siku. Mtu anayetaka pasi au kabati akijua sikukuu mmefunga anakuja siku moja kabla, au anasubiri siku moja mbele. Hiyo ni bidhaa inayosubirika. Dawa ya mtoto haisubiriki, mafuta ya gari ya mtu aliyeko safarini hayasubiriki, chumba cha kulala cha msafiri hakisubiriki. Kwa hiyo kabla hamjabishana, jiulizeni tu mnachouza kiko upande gani.

Namna ya kujua ni rahisi wala haihitaji mtaalamu. Usiangalie mauzo ya sikukuu peke yake, jumlisha siku iliyotangulia, sikukuu yenyewe na siku inayofuata, halafu linganisha na mwaka ambao mlifunga. Jumla zikikaribiana ujue mmewasumbua watu bure. Na ukimaliza hapo toa gharama, maana mshahara wa siku hiyo sio wa kawaida, nchi nyingi sheria inadai ulipe zaidi, umeme uko pale pale, mlinzi yuko pale pale, na mauzo ya mchana mara nyingi yanasinzia, watu wanaingia kupunga upepo tu.

Halafu kuna hili ambalo watu wanalisahau, sikukuu mnaofungua ni nyie, wengine wote mnaowategemea wamefunga. Gari la mzigo haliji. Benki hazifanyi kazi, hela ya kadi unaiona kwenye mashine ila kwenye akaunti haijaingia. Nchi za euro kwa mfano mabenki yanalipana kwa mfumo mmoja mkubwa unaitwa T2, na huo unafungwa 1 Januari, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, 1 Mei, na 25 na 26 Desemba. Kwa hiyo hata wewe uuze mpaka usiku wa manane, ile hela inakaa inasubiri wenye benki waamke. Mwenye biashara ya mtaji mdogo aliyetegemea auze leo kesho asubuhi amlipe msambazaji, hapo ndo anakwama.

Bosi wako akishapiga hizo hesabu na bado ikalipa, afungue. Sina ugomvi na faida. Nina ugomvi na watu kufungua kwa sababu jirani kafungua.

Kifungu kwa Kifungu

Hapo kwenye "jirani kafungua" ndo penyewe Daftari, na ndo maana nchi kadhaa zimeona zisiwaachie wenye maduka waamue kila mtu kivyake. Kila mmoja moyoni anataka kufunga ila hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza. Sheria ikisema wote funga, hakuna aliyepoteza kwa mwenzake.

New Zealand kuna siku tatu na nusu kwa mwaka ambazo maduka mengi hayaruhusiwi kufungua, Krismasi, Ijumaa Kuu, Jumapili ya Pasaka, na ile nusu ni asubuhi ya Siku ya Anzac, siku yao ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, hadi saa saba mchana. Aliyefanya kazi sikukuu analipwa si chini ya mara moja na nusu, na kama ilikuwa siku yake ya kawaida ya kazi anapewa na siku nzima nyingine ya kupumzika kwa malipo. Nakazia hiyo ya siku nyingine maana mabosi wengi wakisikia sikukuu wanawaza hela tu, kumbe mtu anataka siku yake.

Uingereza na Wales wana sheria ya 2004, duka linalozidi mita za mraba 280 marufuku kufungua Krismasi, dogo ruksa. Ujerumani ndo kabisa, Jumapili na sikukuu zinalindwa na katiba. Ila msidhani watu wanapenda kufungiwa, Hungaria walipiga marufuku maduka mengi kufungua Jumapili mwaka 2015, wananchi wakalalamika weee, mwaka 2016 serikali ikaifuta. Wale wale wanaosema wafanyakazi wapumzike ndo wale wale waliotaka kununua sukari Jumapili jioni.

Wodi ya Usiku

Naona mnatutaja sana sisi wa hospitali kama mfano wa watu ambao lazima, sawa, tumezoea. Ila jueni kwamba mimi nikitoka zamu sikukuu saa moja asubuhi nahitaji gari, nahitaji mahali pa kula, na simu ikiisha salio nahitaji mtu wa kuniuzia. Mnaposema "huduma za lazima" mnaona daktari tu, hamuoni dereva na mama anayeuza chai nje ya geti. Sisemi maduka ya feni yafunguliwe kwa ajili yangu, feni sinunui saa hizo 😂

Mpanga Zamu

Asanteni sana, Daftari ile hesabu ya siku tatu naenda kumwekea bosi mezani. Nina wasiwasi duka litaonekana linasubirika ila simu za wateja hazisubiriki, mtu jiko lake likivuja gesi hawezi kungoja sikukuu iishe. Sasa nikifunga duka nikaacha watu wa simu, hao wa simu nawapataje? Wenzangu wanashauri niwapange wasio na watoto kwa kuwa hawana wa kuwasubiri nyumbani.

Bado Niko Single

Haya sasa, ndo nilikuwa naingoja hiyo. Mkuu tafadhali usithubutu. Mi sina mtoto lakini nina mama, na mama yangu naye anasubiri. Kila sikukuu, kila kazi niliyopita, "si wewe huna familia." Kwani mi niliokotwa? Na ukimpanga mtu miaka mitatu mfululizo kwa kigezo hicho usishangae siku moja akakuachia barua mezani.

Kaunta ya Mwisho

Single kaongea. Na ile nyingine ya "wa dini hii awashikie wa dini ile" ni nzuri sana, tunaifanya na inaleta upendo, ila iandikwe. Isipoandikwa wale ambao sikukuu zao zinakuja mwanzo wanapumzika, zamu ya kurudisha deni ikifika kila mtu kasahau.

Mwenye Duka

Kwangu inavyokwenda, ratiba ya sikukuu za mwaka mzima inatoka mwezi wa kwanza. Kwanza naita wanaojitolea, na huwa wapo, ukiweka malipo mazuri na siku ya kufidia utashangaa wanavyogombania, kuna vijana wanatafuta ada hao. Zikibaki nafasi tunapiga kura mbele ya wote, aliyefanya sikukuu kubwa mwaka huu mwaka ujao jina lake haliingii kwenye kura. Kubadilishana ruksa, ila waje wote wawili waniambie, sio naambiwa siku yenyewe asubuhi. Na hao wa simu sio lazima wakae ofisini, mtu anaweza kupokea akiwa nyumbani, ila mlipe kama yuko kazini maana kweli yuko kazini, hawezi kwenda popote.

Kaunta ya Mwisho

Na jina la meneja liingie kwenye hiyo kura. Likitoka la kwake aje, lisipotoka atuachie namba ya siri na funguo za stoo.

Mpanga Zamu

Hiyo ya meneja ntaiandika mwisho kabisa wa ratiba kwa herufi ndogo 😅 Nampelekea kesho, ntawaletea majibu.