Pedeli ya klachi ya Willys MB inazama hadi sakafuni: nianzie wapi?

Mwana wa Mikindani
Habari za jioni, wakubwa kwa wadogo. Ninalo gari la kijeshi aina ya Willys MB nililoachiwa na marehemu babu, ambaye hakuchoka kusimulia kwamba lilifika huku kusini wakati wa mradi wa karanga wa Nachingwea. Tangu msimu wa korosho uliopita, pedeli ya klachi inazama karibu kugusa sakafu, na gia ya kwanza pamoja na ya nyuma zinakwaruza hata gari likiwa limesimama. Fundi mmoja wa mjini Mtwara amenishauri tushushe gia boksi tubadilishe klachi pleti. Kabla sijakubali nililala chini ya gari, nikakuta bomba fupi lililokaa kwa upande kati ya chasisi na injini limefungwa kwa waya wa kufungia nondo, na nikilitikisa kwa mkono linagonga. Je, nianze na pleti au na bomba hilo?

Fundi wa Nachingwea
Anza na bomba, ndugu yangu. Gia ya kwanza na ya nyuma za gari hilo hazina sinkronaiza (kifaa cha kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana), kwa hiyo klachi isipoachia kikamilifu zitakwaruza tu, hata uweke pleti mpya kutoka dukani.

Pedeli hulizungusha bomba, bomba huvuta kebo, na kebo huvuta uma unaosukuma beringi ya klachi. Kila ncha ya bomba ina kikombe kinachoegemea bolti yenye kichwa cha mviringo mithili ya gololi, moja upande wa chasisi na nyingine upande wa injini, na imefanywa hivyo kwa sababu injini hucheza juu ya mipira inayoikalia ilhali chasisi imetulia. Grisi ikikauka na mchanga wa pwani ukaingia, gololi hulika upande mmoja, na milimita chache zinazopotea hapo huonekana kwenye pedeli kama shibiri nzima. Mwombe mtu akanyage polepole huku ukitazama kutoka chini: bomba likiinuka au kusogea kando kabla uma haujaanza kwenda, ugonjwa umeuona. Angalia pia matundu ya pini, kwani hulika yakawa na umbo la yai.

Mzee wa Lindi
Wajukuu, mbona mnajitaabisha? Mimi langu nilikaza kebo mpaka pedeli ikasimama juu kabisa, likatembea bila matata.

Fundi wa Nachingwea
Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Pedeli inatakiwa kuwa na pleyi (mwendo wa bure) ya robo tatu ya inchi, yaani kama milimita 19, kabla beringi haijagusa vidole vya presha pleti, ile sahani inayoibana klachi pleti. Ukiimaliza pleyi yote, beringi itazunguka muda wote injini inapowaka, na klachi itaanza kuteleza kwenye mlima wa kwanza tu wenye mzigo. Kebo hurekebishwa mwisho, baada ya viungo kutengenezwa, vinginevyo unaficha kidonda.

Mzee wa Lindi
Marahaba. Sasa nimejua kwa nini beringi yangu ililia kama kinanda mwezi wa pili.

Mwana wa Mikindani
Nimerudi na majibu. Gololi ya upande wa injini ilikuwa imelika ikabaki bapa upande mmoja, kama korosho iliyopasuliwa. Fundi mchongaji aliijaza kwa kuchomelea, akaichonga upya na kuisugua hadi ikakaa sawasawa ndani ya kikombe. Matundu mawili ya pini tuliyapanua na kuweka pini nene zaidi. Nati ya kebo ilikuwa imeshikwa na kutu ya chumvi, ikalala ndani ya dizeli usiku mzima ndipo ikakubali. Gia ya kwanza sasa inaingia kimya. Kilichobaki ni kwamba nikiachia klachi, gari linatetemeka kidogo wakati wa kuondoka.

Fundi wa Nachingwea
Tazama nyuma ya injini: panatakiwa kuwepo kebo fupi inayoiunganisha injini na chuma kinachokatiza chasisi, ili isisukumwe mbele unapokanyaga klachi. Mafundi wengi huitupa wakidhani ni ya ziada.

Mwana wa Mikindani
Nimechungulia kwa tochi. Tundu lipo, kebo haipo.