Kanisa la Kilpeck: kijiji chenyewe kidogo, kazi ya mawe balaa, nani alilipa?

fundi_tofali:
Wakuu habari za humu. Nimekutana na picha za kanisa moja la zama za kati, St Mary and St David, liko kijiji cha Kilpeck kule Herefordshire Uingereza, karibu na mpaka wa Wales, wanasema limejengwa mnamo 1140. Mimi kazi yangu ujenzi kwa hiyo nimeliangalia kifundi na kuna vitu vinanikataa. Kanisa lenyewe dogo tu, sehemu tatu zimefuatana, wanapokaa waumini, halafu pa padri, halafu kule mwisho mashariki ukuta unazunguka nusu duara, basi, hata mnara halina. Lakini mlango wa kusini sasa, aisee! Nyoka wamesokotana, ndege, majani, madude hata sijui niyaiteje, na chini ya paa kuna vichwa vya mawe vimetokeza jengo zima kuzunguka. Kijijini kule hela ya mafundi ilitoka wapi? Na la pili, kwenye hivyo vichwa kuna mbwa na sungura wako pamoja wananichekesha kila nikiwaona, halafu kuna mwanamke uchi, samahanini wakubwa, kajishika mahali ambapo mtaona wenyewe. Nyumba ya Mungu hiyo, padri alikubalije?

bi_Nuru:
Kaka kwenye hela usiangalie kijiji, angalia jirani wa kanisa. Upande wa magharibi pale pale kuna kilima cha kutengenezwa kwa mikono, juu yake vimebaki vipande vya ukuta, hiyo ilikuwa ngome ya bwana wa Kinormani. Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza 1066, na kwenye ile sensa kubwa ya mali ya 1086 Kilpeck inaonekana iko mikononi mwa William fitz Norman. Mwanawe Hugh ndiye aliyelikabidhi kanisa kwa watawa wa abasia ya Gloucester mwaka 1134, ndo maana wengi wanakadiria jengo tunaloliona ni la miaka hiyo hiyo au kidogo baadaye. Sasa jiweke kwenye nafasi yake, eneo lenyewe zamani lilikuwa la Wawelshi, wewe ni mtoto wa wavamizi, uko mpakani, unataka kila anayepita aone hapa kuna mwenyewe. Ngome inatisha watu, kanisa linawaonyesha kwamba mwenye ngome ana hela na ana Mungu. Kwa hiyo ukiniuliza mimi ule mlango ni siasa nusu na ibada nusu. Na kijiji chenyewe wakati huo hakikuwa cha kudharau, kaskazini mashariki ya kanisa bado kuna matuta kwenye majani yanayoonyesha palikuwa na makazi yaliyokuja kuhamwa.

Sefu wa Mawe:
Dada Nuru kamaliza upande wa hela, mimi niongezee mafundi maana nao wanasahaulika sana kwenye hizi stori. Kilpeck sio kazi ya bahati, kulikuwa na kundi la wachongaji waliozunguka eneo lile karne ya 12 na wataalamu wanawaita shule ya Herefordshire, mkono wao unauona kwenye mabeseni ya ubatizo ya Eardisley na Castle Frome na kwenye kanisa la Shobdon. Huyo aliyejengesha Shobdon, Oliver de Merlimond, alishakwenda kuhiji Santiago de Compostela kule Hispania, na inaaminika safari ile ndo ilileta mawazo mapya, maana ukiingia ndani ya Kilpeck, kwenye tao linalotenganisha waumini na padri, kuna watakatifu wamechongwa kwenye nguzo, mmoja juu ya kichwa cha mwenzake, watatu kila upande, staili ambayo Uingereza huikuti kirahisi ila Hispania ipo. Wakati huo huo kona za magharibi zina vichwa vya madragoni yametoa midomo nje kama vya merikebu za Waviking, mabaharia wa Skandinavia. Na kwenye nguzo ya mlango kuna askari wamevaa suruali, wengi huwaita askari wa Wales, wamenaswa kwenye mizabibu. Yaani Hispania, Skandinavia na Wales zimekutana kwenye ukuta mmoja wa kijijini, halafu watu wanasema zama za kati watu walikuwa hawatembei.

ukuta_mweupe:
Swali la mwanamke naona kila mtu analikwepa 😂 Anaitwa "Sheela na gig" (hiyo "na" ni sehemu ya jina), na wa namna yake wako wengi Ireland na Uingereza, na Ufaransa na Hispania pia kuna ndugu zake. Maelezo yako matatu yanazunguka: kwamba ni onyo dhidi ya zinaa, kwamba ni wa kufukuza mabaya yasiingie, au kwamba ni mambo ya uzazi ya kabla ya ukristo. Mimi la tatu silinunui, kanisa amejengesha bwana mkristo na likapewa watawa, sio kwamba mtu alipanda usiku kwa ngazi akamficha pale. La onyo naliona lina nguvu zaidi kwa sababu wengi wa hao wanyama wengine nao walikuwa na mafundisho yao kwenye vitabu vya wanyama vya wakati ule, kila mnyama na tabia yake na funzo lake. Ila mbwa na sungura, jamani, yule fundi alikuwa anajifurahisha tu, vichwa viko 85 hivi vilivyobaki, usitegemee vyote viwe na mahubiri.

fundi_tofali:
Hahaha sawa mkuu nimekupata. Sasa mnisaidie moja la kifundi, miaka karibu 900 mvua ya Uingereza inapiga na nyuso bado zina macho na meno. Mawe mchanga mekundu mimi nayajua yanamomonyoka, hapa imekuwaje?

Sefu wa Mawe:
Jiwe la pale ni gumu kuliko mawe mchanga mengi na walichagua vizuri, ila jiwe peke yake halitoshi. Angalia Shobdon, kanisa lilibomolewa miaka ya 1750, matao yake yakachukuliwa yakasimamishwa nje kilimani kama pambo la bustani, leo yameliwa na mvua kiasi kwamba vitu vingine huvitambui tena, na mafundi ni wale wale. Vichwa vya Kilpeck viko chini ya ukingo wa paa, maji hayavipigi moja kwa moja. Na paa likitunzwa ukuta unaishi, hilo wewe fundi unalijua kuliko sisi.

bi_Nuru:
Hapo pia kuna bahati ya kutoguswa sana. Makanisa mengi ya vijijini kule yalipopata hela karne za mbele yalivunja madirisha madogo ya Kinormani yakaweka makubwa yenye tao la ncha, yakaongeza mbawa pembeni, yakapandisha mnara. Kilpeck ngome ikafa, makazi yakahamwa, hakukuwa na tajiri wa kulibadilisha, kwa hiyo ramani ya karne ya 12 imebaki karibu nzima. Mwaka 1842 msanii George Robert Lewis alichapisha michoro yake kwa kina, na 1848 likafanyiwa ukarabati na msanifu Cottingham, ambaye kwa kweli alikuwa na heshima kwa kazi ya zamani, wengi wa enzi yake walikuwa wanakwangua kila kitu. Ukilinganisha michoro ya Lewis na sasa, vichwa sita havipo.

fundi_tofali:
Na ile nusu duara ya mwisho, paa lake ni jiwe tupu au kuna mbao?

ukuta_mweupe:
Ni jiwe mkuu. Kuna mbavu za mawe zenye michoro ya zigizaga zinapanda kutoka ukutani zinakutana katikati juu, na pale zinapokutana kuna vichwa vimechongwa. Wanapokaa waumini ndo paa la mbao. Ukipata picha za nje tafuta kona ya kaskazini mashariki ya sehemu ya waumini, mawe yamepangwa tofauti kabisa na ukuta mwingine, wanasema ni mabaki ya kanisa la kabla ya Wanormani. Ningependa kusikia wewe kama fundi unauonaje huo mpangilio.