Vidonge vya kolestro na miguu kuuma, niache nibaki na mazoezi peke yake?

FundiVyombo (Amu)
Asalaam aleikum jamani. Mimi mtu mzima wa miaka 53, kazi yangu kuunda madau. Juzi juzi nilienda kupimwa presha tu, wakanitoa damu wakanambia kolestro mbaya, ile LDL, iko 4.9, nikapewa atorvastatini ya miligramu 20 kila siku. Na babangu marehemu alianguka ghafla akitoka msikitini na miaka 58 kwa hiyo siwezi kusema sikuogopa. Basi nikashika na mazoezi kwa pupa, baada ya alfajiri natoka mjini hadi Shela kwa miguu na kurudi, na maji yakipwa nakimbia pale mchangani. Sasa wiki ya tano mapaja yaniuma, ngazi za nyumbani nazipanda nimeshika ukuta kama mzee wa miaka 80, mke wangu ashasema ni hivyo vidonge. Nauliza, si niviache tu niendelee na mazoezi, maana pumzi yenyewe imekuwa nzuri?

MkweziMalindi
Waaleikum salaam. Acha hizo dawa kaka, mimi niliacha mwaka wa pili huu nala kitunguu saumu na ndimu na niko fiti. Halafu kuna utafiti wa Marekani wa 2013, walichukua watu 37 wanene wakawafanyisha mazoezi wiki 12, wasiomeza kitu uwezo wao wa pumzi ulipanda asilimia 10, waliopewa simvastatini, ndugu ya hiyo dawa yako, ya miligramu 40 ukapanda asilimia 1.5 tu. Sasa si unajichosha bure huko Shela?

NesiWaMkomani
Mkwezi umejuaje uko fiti na hujapima? Kolestro haiumi, haiwashi, inakaa kimya kwenye mishipa mpaka siku yake.
Huo utafiti ni wa kweli lakini ni watu 37 na walipima pumzi, hawakuangalia nani alikufa. Mwaka huo huo wa 2013 ulitoka mwingine wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, watu 10,043 wenye kolestro ya juu, wakafuatiliwa miaka mingi. Waliomeza statini (ndio jamii ya hizi dawa za kolestro) NA wana mwili wa mazoezi ndio walikufa wachache zaidi, na wenye mazoezi mazuri bila dawa nao hawakuwa wabaya kuliko wavivu wanaomeza. Kwa hiyo mazoezi ni dawa kweli, ila hii LDL yako kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe na kutembea kunaishusha kidogo tu. Ukitaka ishuke sana ni kidonge.
Sasa miguu. Fundi, ulianza dawa na kukimbia wiki ile ile moja? Mtu wa 53 akianza ghafla kukimbia mchangani atachoka mapaja hata kama anameza peremende. Kuna jaribio la London, watu 60 walioacha statini sababu ya maumivu, wakapewa mwezi huu dawa, mwezi ule kidonge cha uongo, mwezi mwingine bila kitu, na wenyewe hawakujua kidonge kipi ni kipi. Karibu asilimia 90 ya taabu walioisikia kwa dawa waliisikia kwa kidonge cha uongo pia. Maumivu yalikuwepo, lakini mengi hayakutoka kwenye dawa.
Ila statini kuumiza misuli kupo, sikufichi. Mkojo ukiwa rangi ya kola, au miguu ikikosa nguvu kabisa, usingoje kesho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama si hivyo nenda wakupime CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ikiumia, na usikimbie siku kadhaa kabla, maana mazoezi yenyewe huipandisha halafu kidonge kikasingiziwa. Na je kuna dawa nyingine unameza? Balungi unakula sana?

BabuWaDau
Mimi yalinikuta na simvastatini, daktari akanisimamisha wiki chache kisha akanibadilishia rosuvastatini dozi ndogo, mwaka wa tatu sasa sina neno. Jirani yangu naye alilaumu vidonge kumbe ni tezi ya shingo, kwa hiyo mwambie daktari apime na hiyo. Na tui zito kila siku punguza bwana, mimi wali wa nazi umebaki wa Ijumaa (mke wangu hajanisamehe).

FundiVyombo (Amu)
Shukran sana dada nesi. Nimekaa nikahesabu, kweli vidonge na kukimbia nilianza wiki moja. Mkojo uko sawa. Lakini kuna jambo sikulisema, wiki mbili nyuma kifua kilinibana nikanunua antibiotiki ya klarithromisini dukani nikameza pamoja.

NesiWaMkomani
Ndio hapo sasa!! Hiyo klarithromisini inazuia mwili kuivunja atorvastatini, dawa inazidi kwenye damu. Umeimaliza? Mpigie daktari wako leo umwambie yote mawili, yeye ndiye atasema usimamishe kidogo au vipi. Usiamue peke yako.

FundiVyombo (Amu)
Nilimaliza Jumapili. Nimempigia, ameniambia nisimeze mpaka nimuone, kesho asubuhi napima CK. Kukimbia nimesimamisha, Shela nitakwenda pole pole. Mkwezi nawe si ukapime basi, au waogopa sindano?

MkweziMalindi
Sindano naiogopa kweli 😂 haya wiki ijayo.