Texas Hold'em: kwa nini kitita hugawanywa mara nyingine tu?

Mwanagenzi:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimeanza kujifunza Texas Hold'em, aina ya mchezo wa poka, na msingi wake nimeuelewa: kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha mezani hufunuliwa karata tano za wote, kwanza tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Linalonitatiza ni namna mshindi anavyopatikana. Katika mazoezi nilishika ree na 7, mwenzangu akashika ree na 9. Mezani palipokuwa na ree, kingi, kwini, jeki na 4, tuligawana kitita, yaani jumla ya dau zote. Lakini palipokuwa na ree, kingi, 6, 4 na 2, mwenzangu alichukua chote. Mara zote mbili sote tulikuwa na jozi ya ree, na hakuna aliyepata karata tano za aina moja, kama vile zote kopa. Tofauti iko wapi? Tena, naomba kujua mzunguko wa dau huisha lini.

Shupaza:
Karibu, ndugu Mwanagenzi. Ushindi hupimwa kwa karata tano bora kati ya saba ulizo nazo, yaani mbili za mkononi na tano za mezani, na zile mbili zinazobaki hazina kazi yoyote. Ukipanga tano bora katika mfano wako wa kwanza, utapata ree mbili, kingi, kwini na jeki. Mwenzako naye anapata hizo hizo, kwa sababu 7 yako na 9 yake zote ni ndogo kuliko jeki, kwa hiyo hazikuingia. Katika mfano wa pili wewe una ree mbili, kingi, 7 na 6, naye ana ree mbili, kingi, 9 na 6. Hapo 9 imeingia ndani ya tano, na ndiyo iliyompa ushindi. Nakusihi ujizoeze kuzitaja karata zako tano kila mara kabla ya kuweka dau, kwa kuwa anayetazama jozi peke yake hupoteza dau nyingi pasipo kujua sababu. Usitafute mshindi kwa kulinganisha kopa na shupaza, maana katika mchezo huu aina zote zina hadhi sawa.

Mgawaji:
Nijibu la dau. Kabla ya karata kugawanywa, wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji huweka dau la lazima, wa kwanza dogo na wa pili kubwa, ambalo kwa kawaida ni mara mbili ya lile dogo. Anayefuata ndiye huanza kuamua: ajitoe, alipe kiasi hicho, au apandishe. Mzunguko huisha pale kila aliyebaki amepata zamu yake na wote wamelingana kwa kiasi walichoweka, isipokuwa aliyekwisha kuweka kila alichokuwa nacho. Wengi husahau kwamba, hata kama hakuna aliyepandisha, mwenye dau kubwa la lazima bado ana haki ya kupandisha zamu inapomfikia. Katika mizunguko mitatu inayofuata, huanza mchezaji wa kwanza kushoto kwa mgawaji ambaye hajajitoa, naye anaweza kupita bila kuweka kitu maadamu hakuna dau lililotangulia.

Mwanagenzi:
Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, ikiwa karata tano za mezani zenyewe ndizo bora kuliko chochote nilicho nacho mkononi? Na kwa nini tano za aina moja hushinda tano za mfuatano?

Shupaza:
Inaruhusiwa kutumia zote tano za mezani. Wote waliobaki wakifanya hivyo, kitita hugawanywa sawasawa. (Katika Omaha, aina nyingine ya poka, hairuhusiwi, kwani huko ni lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani.) Kuhusu swali la pili, kinachopewa hadhi ni uadimu. Katika karata 52, michanganyiko ya karata tano za aina moja ni 5,108, na ya mfuatano ni 10,200, ukiacha ile ambayo ni ya aina moja na ya mfuatano kwa pamoja. Miongoni mwa zinazozishinda hizo mbili, tatu zinazolingana pamoja na jozi ni 3,744 tu. Katika mfuatano, ree husimama juu ya kingi au chini ya 2, lakini haiwezi kukaa katikati: kwini, kingi, ree, 2 na 3 si mfuatano.