Cygwin: fork inagoma kwa «Loaded to different address», nianze kukagua wapi?

fundi_makefile

Wakuu, salaam. Cygwin yangu (mazingira ya zana za Unix ndani ya Windows) iko kwenye Windows 11, folda `C:\cygwin64`, na `uname -r` inaonyesha toleo la 3.5. Tangu nisasishe vifurushi, `./configure` inakatika njiani, kila mara mahali tofauti, na `make -j8` ndiyo haifiki popote. Ujumbe wenyewe:

```
0 [main] bash 1843 child_info_fork::abort: \??\C:\cygwin64\bin\cygreadline7.dll:
Loaded to different address: parent(0x3FF2A0000) != child(0x1D0000)
bash: fork: retry: Resource temporarily unavailable
```

DLL (maktaba ya msimbo inayopakiwa na programu) inayotajwa haidumu ile ile. Mara ni cygreadline7, mara cygncursesw-10, mara moduli ya numpy iliyojengwa kwa pip ndani ya `~/.local`. Nimesakinisha upya juu ya ile iliyopo na hali ni ile ile. Kuna pia huduma ya sshd inayojiwasha pamoja na Windows, na antivairasi ya ofisi ambayo mimi sina ruhusa ya kuigusa.

Yapo mengine mawili, sijui kama ni ugonjwa huo huo. Programu moja niliyoijenga mwenyewe inatoka kimya kabisa bila ujumbe, na `echo $?` inatoa 127. Halafu skripti moja niliyoivuta kwa git inalalamika `$'\r': command not found`.

Sitaki kufuta kila kitu na kuanza upya bila kujua sababu. Naomba mpangilio wa kukagua.

---

Kernel_Mwambao

Mkuu, hayo ni matatizo matatu tofauti. Tuanze na la fork maana ndilo zito.

API ya Win32 haina fork, yaani prosesi kuzaa nakala yake yenyewe. Cygwin inaiigiza: inaanzisha prosesi mpya kwa CreateProcess ikiwa imesimamishwa, halafu inanakili ndani yake data, stack na heap za prosesi mama. Ndani ya data hiyo kuna vielekezi vinavyotaja anwani kamili za kumbukumbu. Kwa hiyo kila DLL iliyokuwa kwa mama lazima ikae anwani ile ile kwa mtoto. Ikisogea hata moja, vielekezi vyote vinavyoigusa vinakuwa vya uongo, ndiyo maana Cygwin inaona heri iiue prosesi kuliko kuiacha iendelee na data mbovu. Huo ndio ujumbe wako: mama anayo kwenye 0x3FF2A0000, mtoto amepewa 0x1D0000.

DLL inasogea kwa sababu kuu tatu: DLL mbili zimeandikiwa anwani inayogongana, kuna programu ya nje imejipenyeza na kukaa mahali pake, au Windows yenyewe imeamriwa kusogeza kila kitu. Anza na ya kwanza, ndiyo rahisi kuithibitisha.

Cygwin hugawa anwani kwa zana iitwayo rebase, ambayo hupita kwenye DLL zote na kumpa kila mmoja kiwanja chake kati ya 0x200000000 na 0x400000000. Programu ya usakinishaji huiendesha yenyewe mwishoni. Lakini DLL iliyoshikwa na prosesi inayokimbia haiandikiki, na wewe una sshd inayojiwasha. Naishuku hiyo ndiyo iliyoharibu kazi, na ndiyo maana kusakinisha upya hakukusaidia: ulirudia zoezi lile lile huku sshd bado imeshikilia DLL zake.

Fanya hivi:

```
cygrunsrv -L
cygrunsrv -E cygsshd
rebase-trigger fullrebase
```

Amri ya kwanza inaorodhesha huduma, ya pili inaisimamisha (tumia jina lililotokea kwenye orodha yako, na terminali iwe imefunguliwa kama msimamizi), ya tatu inaacha alama kwamba ramani yote ya anwani ifutwe na ipangwe upya. Sasa funga madirisha YOTE ya Cygwin. Fungua Task Manager uhakikishe hakuna bash, mintty, ssh-agent wala gpg-agent iliyobaki. Hizo mbili za mwisho husahaulika sana. Kisha endesha `setup-x86_64.exe`, kwenye ukurasa wa vifurushi chagua «Keep» ili asibadilishe kitu, bonyeza Next hadi mwisho. Itachukua dakika kadhaa, usiikatize.

Baada ya hapo:

```
rebase -si | grep '\*'
```

Nyota inaonyesha DLL zinazogongana. Ikitoka tupu, ramani ni safi. Ukiona mistari, fungua `/var/log/setup.log.full` utafute autorebase, utaona faili gani ilimshinda.

Numpy yako ni kesi ya peke yake. Rebase ya setup kwa kawaida hupita kwenye folda za mfumo, si folda yako ya nyumbani. Chochote ulichokijenga ndani ya `~/.local` hakimo kwenye orodha. Tengeneza orodha:

```
find ~/.local -name '*.dll' > /tmp/dll.txt
```

Funga kila kitu tena, kisha kutoka cmd ya Windows fungua `C:\cygwin64\bin\dash.exe` na uandike:

```
/usr/bin/rebase -O -T /tmp/dll.txt
```

Ni dash kwa sababu inategemea cygwin1.dll peke yake. Bash inashikilia readline, ncurses na wenzake, na huwezi kurekebisha DLL ambayo ganda lako lenyewe linaitumia. Alama ya `-O` inazipa DLL zako anwani zisizogongana na zilizomo kwenye ramani, bila kuigusa ramani yenyewe. Ukijenga moduli nyingine kesho, unarudia.

---

Bi_Terminali

Nakubaliana na Kernel kwa yote ya rebase, ila naweka tahadhari. Mgongano wa kawaida wa anwani huwa na tabia ya kurudia jina lile lile. Kwako DLL inabadilika badilika, na `make -j8` inaumia zaidi. Hiyo inanuka kitu cha nje. Ukisafisha ramani na bado inagoma, usirudie rebase mara ya pili, hamia huku.

Kwanza Windows yenyewe. Fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Get-ProcessMitigation -System
```

Tafuta sehemu ya ASLR (ulinzi wa kuchanganya anwani za kumbukumbu), mstari wa ForceRelocateImages. Ukisoma ON, umepata mchawi: Windows inalazimisha kila DLL isogezwe, hata ile iliyopangiwa anwani. NOTSET au OFF, endelea mbele. Kama ni ON na sera ya ofisi hairuhusu kuizima kwa mashine nzima, izime kwa programu za Cygwin pekee:

```
Get-ChildItem C:\cygwin64\bin\*.exe | ForEach-Object { Set-ProcessMitigation -Name $_.FullName -Disable ForceRelocateImages }
```

Programu zilizo nje ya `bin`, kwa mfano zile za gcc zilizo chini ya `C:\cygwin64\lib`, nazo zinahitaji amri hiyo hiyo, la sivyo bash itapona na gcc itaendelea kufa.

Pili, wageni. Ndani ya bash:

```
grep -i '\.dll' /proc/$$/maps | grep -vi -e /usr/ -e /windows/
```

Hii inasoma ramani ya kumbukumbu ya bash yako na kuondoa DLL za Cygwin na za Windows. Kinachobaki hakikualikwa. Mara nyingi ni antivairasi, programu ya kurekodi skrini, au ya kadi ya video. Programu za aina hii zinajulikana kwa jumuiya ya Cygwin kama BLODA («Big List Of Dodgy Apps»), na zina orodha yake kwenye maswali ya mara kwa mara ya mradi. Ipo pia njia ya kuiachia Cygwin ijikague yenyewe. Kutoka cmd:

```
set CYGWIN=detect_bloda
C:\cygwin64\bin\mintty.exe -
```

Iwekwe kabla ya prosesi ya kwanza ya Cygwin kuanza. Usiiache hapo moja kwa moja, inapunguza kasi.

Na tafadhali, asije mtu akakushauri ushuke hadi `make -j1` ukaona umepona. Ukipunguza idadi ya fork unapunguza nafasi ya kukutana na hitilafu, basi. Ipo pale pale, na siku moja itakukatia kazi iliyofika asilimia tisini.

---

fundi_makefile

Asanteni sana. Matokeo:

Rebase imepita, `rebase -si | grep '\*'` haitoi kitu. Numpy inaingia vizuri. `./configure` sasa inafika mwisho. `make -j8` bado inadondoka, ingawa si kila mara.

ForceRelocateImages ni NOTSET. Ile grep ya maps imetoa mstari mmoja: DLL ya antivairasi ya ofisi, iko chini ya Program Files. Watu wa TEHAMA wanasema `C:\cygwin64` iliondolewa kwenye ukaguzi zamani, kwa hiyo haiwezi kuwa hiyo.

Pia `cygcheck -c | grep -v OK` inaonyesha kifurushi kimoja kikiwa «Incomplete».

---

Bi_Terminali

Ni hiyo. Kuiondoa folda kwenye ukaguzi kunaizuia antivairasi kusoma faili zake, lakini hakuizuii kupandikiza DLL yake ndani ya prosesi zinapoanza. Hayo ni mambo mawili na huwa na mipangilio miwili. Waombe waondoe *prosesi* kwenye ulinzi wa mashambulizi ya kumbukumbu, angalau bash.exe, sh.exe, make.exe, gcc.exe, cc1.exe, as.exe na ld.exe, kwa njia kamili ya faili. Wape ule mstari wa maps kama ushahidi, na waambie kipimo ni kimoja: wakimaliza, fungua terminali mpya na urudie grep. Mstari ukiwapo, hawajaiondoa, hata kama dirisha lao linaonyesha alama ya tiki.

Kuizima kwa ikoni iliyo pembeni mwa saa hakuhesabiki kama jaribio. Nyingi ya antivairasi zinabaki zimepakia DLL zake hata zikiwa «zimezimwa».

Kifurushi kilicho Incomplete kina faili iliyokosekana. Rudi kwenye setup, kitafute kwa jina, chagua «Reinstall» kwa hicho kimoja. Huduma ya sshd iwe imesimama, kama mwanzo.

---

mzee_wa_logi

Nichukue yale mawili yaliyobaki.

127 bila ujumbe, wakati faili ipo na ina ruhusa ya kuendeshwa, karibu kila mara ni DLL iliyokosekana. Kwa upande wa Windows huonekana kama 0xC0000135. Usiifananishe na 0xC0000142, ambayo maana yake DLL ilipatikana ila ikashindwa kujianzisha. Hiyo ya pili ndiyo jamaa wa matatizo ya fork, ya kwanza hapana. Andika:

```
cygcheck ./programu.exe
```

Itachora mti wa DLL zote zinazohitajika. Ukiona `could not find` mbele ya jina, hiyo ndiyo. Kujua ni kifurushi gani kinayo, `cygcheck -p` ikifuatiwa na jina la DLL itatafuta kwenye hifadhi ya vifurushi kwa intaneti. Kumbuka Windows haina LD_LIBRARY_PATH kwa maana ya Linux. DLL hutafutwa kwenye folda ya programu yenyewe, halafu folda za Windows, halafu PATH. Kama maktaba yako iko `/usr/local/lib`, haitaonekana. Weka DLL kwenye `/usr/local/bin`, huko `lib` iache faili ya `.dll.a` ya kuunganishia.

Ukiwa kwenye mti huo huo, angalia cygwin1.dll imetoka folda gani. Zipo zana za kuandikia vidhibiti vidogo na za kompyuta za zamani zinazokuja na cygwin1.dll yao na kujiweka mbele kwenye PATH. Kutoka cmd, `where cygwin1.dll`. Prosesi ya toleo moja ikizaa prosesi ya toleo lingine utakutana na «cygheap base mismatch detected». Ikitokea mbili, iondoe ile folda ngeni kwenye PATH kabla ya kufanya lolote jingine.

Hiyo `\r` ni mwisho wa mstari wa Windows. Thibitisha kwa `file skripti.sh`, utaona CRLF. `dos2unix skripti.sh` inaponya faili moja, lakini git itairudisha ukivuta tena, kwa hiyo weka kwenye `.gitattributes`:

```
*.sh text eol=lf
```

Bash ya Cygwin ina `set -o igncr` ya kupuuza `\r`. Mimi siipendi, maana inaficha ugonjwa na skripti itakufa ikifika kwenye seva ya Linux. Itumie tu pale faili si yako na huruhusiwi kuibadilisha.

---

fundi_makefile

Programu imekubali, ilikosa DLL moja iliyokuwa imeachwa `/usr/local/lib`. `where` inatoa cygwin1.dll moja tu. Skripti nayo sawa. TEHAMA wameweka prosesi zote saba, ule mstari umetoweka kwenye maps, na `make -j8` imejenga mradi wote bila kukatika. Nikisasisha vifurushi tena, niangalie nini?

---

Kernel_Mwambao

Simamisha sshd, ua ssh-agent na gpg-agent, ndipo ufungue setup. Ukimaliza, pitisha tena rebase ya `~/.local` kutoka dash, kwa sababu vifurushi vipya vinaweza kupewa anwani ambazo moduli zako zilikuwa zimekalia.

Na siku itakapogoma tena kwa namna isiyoelezeka, kabla hujagusa chochote hifadhi hali ilivyo:

```
cygcheck -svr > cygcheck.out
strace -o fork.txt bash -c 'ls | wc -l'
```

Faili ya kwanza ina PATH, mount na matoleo yote. Ya pili inaonyesha fork ilikatikia wapi. Zisome kwanza kabla ya kumpa mtu, kwani cygcheck.out inabeba jina lako la mtumiaji na vigezo vyote vya mazingira, zikiwemo nywila kama kuna programu iliyoziweka humo.